Fumba Macho, Kisha Fumbua

Mama alikuwa na watoto wawili, mmoja wa kusikilizwa na mmoja wa kutumwa. Wa kusikilizwa ni dada yangu, ambaye tangu utotoni tulimwita Kinanda, kwa sababu hata akiomba chumvi watu waliacha walichokuwa wakifanya wamsikilize. Wa kutumwa ni mimi, mziwanda, fundi cherehani, niliyebaki nyumbani. Sisemi hivyo kwa wivu. Au basi, kwa wivu kidogo.

Mapafu ya mama yalichoka kabla ya mwenyewe kuchoka. Miaka yake yote ya nguvu aliimalizia kiwandani, kwenye vumbi la pamba, na vumbi lile halikumsahau. Daktari akasema atumie oksijeni nyumbani, mchana na usiku, na alipotoka nami nje akaniambia kwamba bila hiyo nisihesabu wiki, nihesabu siku. Basi chumba chetu cha mbele kikawa na cherehani yangu dirishani, kitanda cha mama ukutani, na katikati yetu mtungi mrefu wa chuma, umesimama kama mgeni aliyekataa kiti. Juu ya mtungi kulikuwa na geji yenye mshale. Nilijizoeza kushona jicho moja likiwa kwenye pindo na jingine kwenye mshale.

Zamani mitungi ilitoka kwa karatasi ya daktari tu. Wajanja wakaingia. Watu walichukua mitungi kwa majina ya wagonjwa waliokwisha kuzikwa, wakawauzia mafundi wa kuchomelea mageti, maana moto wa kukatia chuma nao unakula oksijeni. Wenye huduma wakaamua kwamba hakuna mtungi utakaotoka tena mpaka mgonjwa aonyeshe uso wake kwenye simu, ijulikane kuwa ndiye, na ijulikane kuwa yu hai. Mimi sikuona ubaya wowote. Mtu anayeiba pumzi ya mgonjwa anastahili kubanwa mpaka ateme.

Mleta mitungi, kijana mpole aliyekuwa akimwita mama "bibi" na kumwekea mtungi taratibu kama anaweka yai, ndiye aliyenionyesha namna ya kufanya. "Rahisi tu kaka. Ni kama kujipiga picha. Simu itasema, bibi atafuata." Hakusema ingeongea kwa sauti ya nani, kwa kuwa hakujua.

Nikamketisha mama kitandani, nikamwekea mto mgongoni, nikainua simu mbele yake.

"Habari. Karibu kwenye uhakiki wa uso," simu ikasema. "Ondoa miwani, kofia, au kitu chochote kinachofunika uso wako."

Mama akanitazama macho yamemtoka. "Huyu si Kinanda?"

Alikuwa Kinanda. Ile sauti yake ya kubembeleza bila kuomba, na ule mvuto mwishoni mwa neno. Tulijua ameajiriwa mji wa mbali, kwenye kampuni ya kuhakiki watu kwa simu. Tulidhani anakaa mezani na kupanga faili.

"Nzuri mwanangu," mama akajibu. "Za huko? Mbona kimya hivyo?"

"Sogeza uso karibu."

"Hajibu salamu," mama akaniambia pembeni. "Ndiyo mji huo." Lakini akasogea. Nikautoa mpira wa hewa puani mwake, maana nao ulihesabiwa kuwa kitu kinachofunika uso. Hapo ndipo nilipouona utaratibu ule ulivyokaa, kwamba ili mama apewe hewa, kwanza athibitishe kuwa yu hai bila hewa. 

Akageuka kulia alipoambiwa kulia, na kushoto alipoambiwa kushoto. Alipoambiwa atabasamu hakuhitaji kuambiwa, alikwisha kutabasamu tangu salamu. Kisha sauti ikasema, "Fumba macho, kisha fumbua." Akafumba. Alipofumbua simu ikasema, "Asante. Uhakiki umekamilika. Kwaheri," na kioo kikawa cheusi.

"Amekata?" mama akauliza.

"Ilikuwa rekodi, mama."

"Sauti ya mwanangu siijui?"

Nikampigia dada simu, akacheka sana. Akasema ni kweli, walimfungia kwenye chumba kidogo kilichozibwa kwa sponji, akasoma sentensi mpaka koo likakauka, na mashine ikajifunza mengine yote kutoka kwenye hizo. "Siku hizi naongea hata nikiwa nimelala," alisema. Walimchagua, alisema, kwa kuwa watu wakimsikia wanaamini. Nikamwambia ampigie mama, ampigie kweli. Akasema Jumapili. Jumapili za dada zilikuwa kama deni la mtu mwungwana. Anakiri analo, na halipi.

Simlaumu peke yake. Mtu akiwa na kazi ya kuongea na watu wengi, nyumbani huishiwa maneno. Ila mama hakuwa na hesabu hizo. Kwake yeye siku ya mtungi ilikuwa siku ya Kinanda. Alitaka aogeshwe mapema, achanwe nywele, avalishwe gauni la kutokea. Nikimkumbusha kuwa ni mashine ananijibu, "Haya, mashine," kwa sauti ya mtu anayemwitikia mtoto. Simu ikimsalimu, anaitikia. Anaisimulia nilivyomshonea foronya, na kwamba mguu umevimba tena, na kwamba mziwanda anaunguza uji lakini ana moyo. Simu inasema geuka kulia, naye anageuka kulia huku akisimulia.

Mara ya pili alikataa kufumba macho. Nilidhani hakusikia. Nikamrudia, akatikisa kichwa, na bahati yetu akapiga chafya. Chafya hufumba macho ya yeyote. Simu ikashukuru, ikaaga, na mama akanuna mchana kutwa kana kwamba mimi ndiye niliyemkatia simu.

Mara ya tatu hakukuwa na chafya.

"Fumba macho, kisha fumbua."

Mama akaikodolea simu. Midomo ilikwisha kuanza kubadilika rangi kwa kukaa bila mpira, naye kakaza macho kama askari wa zamu.

"Mama, fumba kidogo tu."

"Nikifumba ataondoka."

"Mama."

"Kila nikifumba anaondoka. Na wewe unaona." Akavuta pumzi kwa shida. "Na neno lenyewe mgonjwa haambiwi. Ukimwambia mgonjwa afumbe macho umekwisha kumzika. Nimelea mtu asiyejua hilo?"

Simu ikasubiri, ikachoka. "Hatujaweza kuthibitisha kuwa uko hai. Tafadhali jaribu tena."

"Kinanda anasema siko hai?"

Nikamrudishia mpira, akavuta hewa. Tukajaribu tena, akakodoa tena. Nikampulizia upepo usoni apepese, simu ikaniona, ikasema kuna zaidi ya mtu mmoja kwenye picha. Mshale wa geji ulikuwa umeshuka chini ya nusu. Nilimpenda mama, lakini siku ile nilitamani kumfinya.

Nikapiga namba ya msaada. Mlio mmoja tu, ikapokelewa. "Habari. Asante kwa kuwasiliana nasi. Kwa uhakiki wa uso, bonyeza moja." Kinanda tena. Nikabonyeza moja, nikabonyeza nne, nikabonyeza nyota, na kila nilikokwenda nilimkuta dada yangu ananitaka radhi. Mwishowe nikamfokea. Nilisema maneno ambayo fundi hasemi hata sindano ikimwingia kidoleni.

Mama akasema kutoka kitandani, "Usimgombeze mkubwa wako."

Ndipo likanijia wazo, na nikiri lilikuwa langu mwenyewe, na nililiona zuri. Dawa ya sauti ya Kinanda ni Kinanda. Nikamtafuta dada hewani mpaka nikampata, nikamweleza bila mzaha, hakucheka safari hii. Nikaazima simu ya jirani. Asubuhi iliyofuata nikaiweka simu ya jirani juu ya mto, kando ya sikio la mama, dada yuko hewani, na yangu nikaishika mbele ya uso wake.

"Mama, shikamoo. Ni mimi, mimi kabisa. Umeamkaje?"

Mama akaanza kulia. Alikuwa amejibiwa. "Marahaba mwanangu. Nimeamka. Leo umeniitikia."

"Nimekuitikia mama. Sasa tufanye lile la simu, halafu tutaongea. Leo nina muda."

Tukaanza. Mama alifuata kila kitu, machozi yanamtiririka, tabasamu halikatiki. Sauti ya kwenye simu yangu iliposema fumba macho, kisha fumbua, dada akasema kwenye mto, polepole, "Mama, fumba. Sikati. Ukifumbua utanikuta."

Mama akanitazama kama anayeniomba ushahidi. Nikaitikia kwa kichwa. Akafumba. Akafumbua.

"Tumegundua kuwa unaelekezwa na mtu mwingine," simu yangu ikasema. "Kwa usalama wako, huduma yako imesitishwa mpaka uchunguzi ukamilike. Kwaheri."

Chumba kikawa na akina dada wawili. Mmoja alikwisha kuaga. Mwingine alikuwa anaita kwenye mto, "Mama, hiyo si mimi. Hayo sijayasoma mimi, mama, wameyatengeneza. Mama?"

Mama hakuujibu mto. Aliitazama simu nyeusi mkononi mwangu. "Nimemkosea nini?" akaniuliza.

Baadaye tulielewa. Kuna matapeli wanaowapigia wazee, wanajifanya watu wa ofisi au watoto wao, wanawaelekeza hatua kwa hatua waonyeshe uso, kisha wanabeba walichokibeba. Kwa hiyo mashine ilifundishwa kutega sikio. Ikisikia sauti ya pili inayomwambia mzee afanye nini, inafunga mlango. Mlango mzuri, mwizi hapiti. Dada mwenyewe hakuwa anajua. Kazi yake ilikuwa kusoma, kanuni walijua wengine.

Akaenda kwa mkuu wake. Mkuu akafungua faili, akasikiliza, akamwambia kwa upole kwamba ndugu wa mteja haruhusiwi hata kuuliza, na kwamba uchunguzi umeonyesha sauti ya mtuhumiwa inalingana na sauti ya mfumo wenyewe, jambo ambalo halijawahi kutokea, kwa hiyo huenda ni utapeli wa aina mpya na ushughulikiwe kwa uangalifu zaidi. Dada akamwambia, "Mtuhumiwa ni mimi, nimesimama mbele yako." Mkuu akasema ndiyo maana anamshauri asiendelee kuongea.

Mimi nikaenda hospitali. Karani wa dirishani alikuwa mama wa makamo, ana huruma zake, akageuza kioo nikaona mstari mwekundu kwenye jina la mama. "Mimi siwezi kuufuta huu, mwanangu. Unafutwa huko huko juu." Nikamuuliza nikimleta alazwe. Akanionyesha wadi kwa kidevu. Vitanda vyenye oksijeni vimejaa, kwenye korido watu wamekaa kwenye mabenchi wakingoja aliye kitandani apone au vinginevyo. "Mlete, lakini mlete na mtungi wake," alisema. Nilicheka. Alijua kwa nini nacheka, akainamisha uso.

Mleta mitungi alikuja siku yake ya kuja, mikono mitupu. Alikuwa na mitungi kumi kwenye gari na kila mmoja ulikuwa na uso wake. "Nikiuacha mmoja hapa, kaka, kuna mgonjwa mwingine simu yake itasema kapokea na hakupokea." Sikumtukana. Aliingia akamwamkia bibi, akautazama mshale, akatoka haraka.

Maji yakizidi unga, mtu huenda hata kwa adui. Mtaa wa pili yuko fundi wa mageti, mtu mnene wa miwani nyeusi, asiyekosa kazi. Nilimkuta anakata bomba, cheche zinaruka hadi barabarani. Nyuma yake, umelazwa kwenye turubai, palikuwa na mtungi wa rangi ile ile ya wetu. Maandishi ya huduma yalikuwa yamekwanguliwa kwa patasi, lakini rangi ya chini ilibaki, ukiinama unasoma.

Akazima moto. Akaniona ninakotazama.

"Mama yangu ana geji imebaki kidole," nikasema.

Akavua miwani. "Mimi niliuziwa, sikuuliza ulikotoka," akasema. "Umebaki chini ya nusu. Nimeutumia geti la shule." Kisha akaita mtu wake, wakauinua, wakaupakia kwenye mkokoteni, akausukuma mwenyewe mpaka mlangoni kwetu na kuufunga kwenye koki kwa spana yake, jasho linamdondoka kwenye sakafu yetu. Sikumpa kitu na hakutaka. Nilikwenda kwake nimchukie, nikarudi nimemshukuru, na mpaka leo sijui nimweke wapi moyoni. Mashine iliyotengenezwa kumkamata yeye ilimkamata mama.

Dada akaja kwa basi, begi dogo, macho mekundu. Alikuwa ameweka barua ya kuacha kazi mezani kwa mkuu wake, au walimwachisha, hakunieleza vizuri nami sikuuliza vizuri. Mama wakati huo alikuwa analala zaidi ya anavyoamka. Mtungi wa fundi ulikuwa unapiga mluzi mwembamba, na mshale wake ulikuwa umeegemea kwenye nyekundu.

Dada akapiga magoti kando ya kitanda. "Mama," akasema.

Mama akafumbua macho. Nilidhani atamkumbatia. Badala yake alijiinua kwa viwiko, akashika mpira wa hewa kwa vidole viwili, akauvua puani, akauweka shingoni kama alivyozoea.

"Nisogee?" akauliza.

"Mama, usivue," dada akasema.

Mama akasogeza uso karibu. Akageuka kulia, akatulia kidogo, akageuka kushoto. Akamrudia dada, akatabasamu, tabasamu lile la siku ya mtungi. Dada alikuwa anahangaika kumrudishia mpira, na mama anamzuia kwa kiganja kama mtu anayetaka kumaliza kazi yake kwanza.

"Lile la mwisho usiliseme," mama akamwambia. "Nimefanya yote. Lile usiliseme."

"Silisemi, mama."

"Nikifumba utaondoka."

"Siondoki. Nimekuja na begi, mama, tazama. Siondoki."

Mama akalitazama begi. Nadhani liliingia akilini mwake kidogo, kwa kuwa aliacha kuzuia, nasi tukamrudishia mpira. Akaongea naye, maneno machache machache, habari za foronya na uji ulioungua. Dada akaitikia kila moja. Niliacha cherehani nikakaa sakafuni, mgongo kwenye mtungi, na niliusikia mluzi mgongoni mwangu ukipungua. Nilitoka mbio kwa fundi wa mageti. Hakuwa na mwingine. Nikarudi mbio.

Niliporudi mluzi ulikuwa umekoma. Dada alikuwa amemshika mama mikono yote miwili, na mama alikuwa anamtazama. Nikasubiri apumue. Dada naye alikuwa anasubiri, sijui tangu lini. Mama alikuwa amemkazia macho, hajayapepesa, kama siku ile aliyokodolea simu, na safari hii alikuwa ameshinda, mwanawe alikuwa bado yupo.

Nililia kwa sauti. Sina aibu ya kusema. Nilimlilia mama, na nililia kwa hasira, maana dada ndiye aliyetazamwa hata mwisho, na mimi nilikuwa barabarani nimetumwa.

Macho hayawezi kuachwa wazi. Kila mtu anajua, yakiachwa yanakauka hivyo hivyo. Dada akajifuta uso, akamwinamia mama, akavuta pumzi na kufungua mdomo. Niliuona mdomo unavyojiandaa, mdomo wa chini umegusa meno kwa lile neno la kufumba, bila mwenyewe kukusudia, kwa mazoea tu ya aliyelisoma mara nyingi.

Nikamshika bega. "Kwa mkono tu, dada," nikamwambia. "Usiseme."

Akafunga mdomo. Akayafumba kwa kiganja, moja, kisha la pili, akakaa pale pale, hakuondoka.